Tangi la uduvi, samaki wa kundi wamebaki wanne: naongezaje wapya bila kuangamiza uduvi?

#1 MlinziWaUduvi

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni msomaji wa kimyakimya, leo nimelazimika kuandika.

Tangi langu ni la lita 60, lina mwaka mmoja na nusu. Chujio ni sponji mbili zinazoendeshwa na pampu ya hewa, hita iko nyuzi 24, ndani kuna gogo, mawe, na mosi (ule mmea laini kama sufi) umetambaa karibu kila mahali. Uduvi ni wale wekundu wa kawaida, Neocaridina. Nilianza na 12. Juzi nilitumbukiza kipande cha boga lililochemshwa nikaanza kuhesabu, nilipofika 70 nikaacha, maana wanatembea juu ya migongo ya wenzao. Kwa hawa sina malalamiko.

Shida ni samaki. Nilikuwa na tetra tisa wale wadogo wa rangi ya kaa la moto, amandae. Wamepungua mmoja mmoja kwa muda wa miezi minane hivi, sasa wako wanne. Mmoja kageuka mbabe, anawafukuza wenzake tangu taa inawaka hadi inazimwa. Wale watatu wanashinda wamejibanza nyuma ya gogo. Tangi limekuwa kama halina samaki.

Nataka kuongeza wanane wa aina ileile. Naomba mwongozo: niwatie moja kwa moja au la? Wote kwa mkupuo au nusu nusu? Na je, wageni hawatawageuza uduvi wangu kitoweo?

#2 KimbungaMaji

Mkuu, usijiumize kichwa. Mimi niliongeza kumi jioni moja. Mfuko ukaelea dakika 15, nikakata, nikawamimina. Mwaka wa pili huu. Watu humu wanapenda kutishana.

#3 MamaTangi

Kimbunga, aliyevuka barabara akiwa amefumba macho akafika salama hajathibitisha kwamba barabara haina magari.

Mleta uzi, kabla hujauliza unaongezaje, niambie kwanza: hao watano walikufa na nini? Ukitia samaki wapya kwenye maji yaliyoua wa zamani bila kujua sababu, unawapeleka machinjioni kwa pesa yako mwenyewe. Nijibu haya:

Wa mwisho alikufa lini? Alikuwaje siku zake za mwisho: amekonda, amevimba, ana madoa, ana vidonda, rangi imepauka, mgongo umepinda? Umewahi kuona minyoo myekundu ikichungulia kwenye tundu la haja? Na vipimo vya maji vinasemaje? Usiniandikie "maji yako safi". Nataka tarakimu.

#4 MlinziWaUduvi

Shikamoo Mama. Tarakimu nimepima sasa hivi: amonia 0, nitriti 0 (zile sumu mbili zinazotokana na uchafu wa samaki), nitrati kama 15, pH (kipimo cha asidi ya maji) 7.2.

Wa mwisho alikufa miezi mitatu iliyopita. Alikuwa amekonda na mgongo umepinda kidogo. Wengine sikuwaona vizuri, kwa kweli. Nilikuwa nahesabu nakuta mmoja hayupo, na mzoga siuoni. Nadhani uduvi waliumaliza. Minyoo sijaona, madoa sijaona. Nilipowanunua walikuwa wameshakomaa, sijui walikuwa na umri gani.

#5 MamaTangi

Marahaba. Sasa tunazungumza.

Uduvi kula mzoga ni jambo la kawaida, hao ndio wazikaji wa tangi. Samaki wa sentimita mbili anaisha usiku mmoja, asubuhi huoni hata mfupa. Wapo watu wanaoona uduvi wamezunguka mzoga wakadhani ndio wauaji. Samaki mzima hakai akaliwa na uduvi.

Mgongo uliopinda ndio unanifanya nisite. Unaweza kuwa uzee. Amandae huishi miaka miwili hadi minne hivi, na ukinunua waliokomaa umenunua nusu ya maisha. Unaweza pia kuwa ule ugonjwa unaoitwa wa neoni, wa kimelea cha Pleistophora kinachokaa ndani ya misuli. Haushiki neoni (tetra wale wenye mstari wa bluu na mwekundu) peke yake, unashika tetra wengine pia, na hauna dawa. Au kifua kikuu cha samaki, bakteria ya Mycobacterium. Hicho nacho dawa yake ni hadithi tu, na kinaweza kumwingia binadamu kupitia mchubuko mkononi. Kwa hiyo ukiwa na kidonda usichovye mkono kwenye tangi lolote bila glavu, hili nalisema kwa kila anayesoma.

Lakini miezi mitatu bila kifo, na kama waliobaki wananenepa na rangi imekolea, hiyo ni dalili njema. Mimi ningeshawishika kuongeza. Angekufa mmoja wiki iliyopita ningekwambia usubiri.

#6 FundiMrija

Naomba niingie hapa, maana swali la "niwatie moja kwa moja" mimi nimelilipia.

Nilikuwa na tangi la lita 80, uduvi wa manjano wasiopungua 200. Nilikuwa nimewachagua kizazi baada ya kizazi, wale wa rangi hafifu nikiwahamishia kwingine, mpaka wakabaki wa manjano iliyoiva. Kazi ya miaka miwili. Nikanunua neoni kumi na mbili. Walikuwa wazuri, wanakula, mapezi yamekunjuka. Nikafanya kama Kimbunga, nikawatia jioni ileile.

Siku ya nne nikaona chembe nyeupe mkiani kwa mmoja, kama amenyunyiziwa chumvi. Siku ya sita walikuwa saba. Ule ugonjwa wa madoa meupe. Nikakimbilia dukani nilikonunua, muuzaji akanipa chupa, akasema ni salama kwa tangi lolote. Sikusoma maandishi. Nikadondosha kipimo kamili usiku. Asubuhi uduvi walikuwa wamelala ubavu, wengine wanatembeza miguu hewani taratibu. Kufikia jioni nilikuwa nawachota kwa kijiko. Nikatafuta miwani, nikasoma chupa: salfeti ya shaba.

Madoa yenyewe, kwa taarifa yenu, yalipona vizuri kabisa. Neoni kumi na mmoja walipona. Walikuwa wanaogelea juu ya makaburi.

Watu wanaogopa samaki kula uduvi. Samaki mdogo hawezi kula uduvi 200. Kinachomaliza uduvi wote kwa siku moja ni wewe mwenye tangi, siku samaki anapougua ukatafuta dawa. Dawa nyingi za samaki zina shaba, au zina formalini na rangi ya malakaiti, na ndani ya tangi la uduvi huna nafasi ya kutumia yoyote kwa amani. Shaba ikishaingia inang'ang'ania kwenye changarawe na mawe, halafu inaachia kidogo kidogo baadaye. Mimi lile tangi nililivunja lote, nikatupa changarawe.

Kwa hiyo ugonjwa lazima ujitokeze mahali pasipo na uduvi. Ndoo, beseni, kitangi cha lita 20, chochote. Wiki nne.

#7 Kinda_wa_Maji

Pole sana Fundi. Samahani kwa swali la kijinga: kwenye kopo la chakula cha uduvi nimeona imeandikwa kina shaba. Nitupe?

#8 Asidi_na_Besi

Usitupe. Damu ya uduvi yenyewe inabeba oksijeni kwa kutumia shaba, kama yetu inavyotumia chuma. Wanaihitaji kwa chembe ndogo mno, na ile ya kwenye chakula ni chembe hizohizo. Iliyoyeyuka majini kwa kiwango cha dawa ndiyo inayowavamia matamvua. Kitu kilekile, kipimo tofauti.

#9 KimbungaMaji

Fundi, pole. Lakini wiki nne kwa samaki wa sentimita mbili? Si watakufa kwa msongo humo kwenye ndoo?

#10 FundiMrija

Wakiwa kwenye ndoo tupu iliyowekwa katikati ya sebule, ndiyo, watakufa. Weka sponji iliyokwishaiva (unaichomoa kwenye tangi kubwa, ina bakteria wote wanaohitajika), hita, rundo la mimea hata ya plastiki, kifuniko, na ufunike pande tatu kwa karatasi. Wanatulia siku ya pili.

Na hapa mleta uzi ana bahati: chujio lake ni sponji mbili. Moja ihamie ndoo, ile ya pili ibaki. Ila kinachokwenda karantini hakirudi. Sponji hairudi, wavu haurudi, hata mkono wako uuoshe. Madoa meupe yana hatua tatu: kimelea kikiwa chini ya ngozi ya samaki, kikidondoka na kujifungia kwenye kifuko juu ya jani au jiwe, na kikipasuka kuwa mamia ya vidogo vinavyoogelea kutafuta samaki. Dawa inaua vile vinavyoogelea tu. Uduvi hawaugui, lakini wavu mbichi, jani, hata tone la maji linaweza kukihamisha.

#11 PeziRefu

Nimesoma wote, nakubaliana na karantini. Nataka kumjibu mleta uzi kuhusu yule mbabe, maana naona amepitwa.

Amandae si mkorofi kwa asili. Hawa ni samaki wa bonde la mto Araguaia, Brazili, wanaishi kwa wingi. Samaki wa kundi ana ubabe wake kila siku, ni mambo ya cheo, nani akae wapi, nani ale kwanza. Wakiwa kumi, kile kidogo cha kila mmoja kinagawanyika kwa tisa. Wakibaki wanne, kichapo kizima kinawaangukia watatu. Wakibaki wawili, mmoja anaweza kumchosha mwenzake hadi afe. Kwa hiyo wala usimwondoe. Muongezee watu wa kumchanganya.

Na lazima wawe aina ileile. Kuna wanaodhani ukiwa na neoni wanne na kadinali wanne una kundi la wanane. Wataogelea karibu, ndiyo, wanafanana (neoni wekundu wake unaanzia katikati ya mwili, wa kadinali unatoka kichwani hadi mkiani), lakini kila upande unajihesabia wa kwake.

Kingine: wageni wakiingia utawaona wamebanana, wanageuka pamoja kama askari wa gwaride. Utapiga picha, utafurahi. Jua ile ni hofu. Samaki wakishaona hakuna adui wanaachana, kila mmoja anazurura kivyake kwa umbali wa kuonana tu. Ukitaka wabanane kila siku lazima uwatishe kila siku, na huo si ufugaji.

#12 Kinda_wa_Maji

Kwa hiyo zile video za samaki mia wanageuka pamoja...

#13 PeziRefu

Wengi wao wanatazama kitu kikubwa ambacho kamera haikuonyesha. 😄

#14 MlinziWaUduvi

Nashukuru sana. Karantini nimekubali. Nina kitangi cha lita 25 stoo. Bado swali la kuliwa: watawala au hawatawala?

#15 MamaTangi

Tazama mdomo, usitazame tabia. Samaki yeyote, hata mpole kama malaika, kinachoingia mdomoni ni chakula. Uduvi mkubwa ana sentimita mbili na nusu hadi tatu, amandae mzima ana mbili. Hamwezi. Kitoto cha uduvi kinapoachiwa na mama yake kina milimita moja au mbili, na hicho anakimeza bila kutafuna. Mwenye tangi akikwambia samaki wake hawali watoto, ujue hajakaa mbele ya tangi asubuhi taa inapowaka.

Lakini jike mmoja anabeba mayai ishirini, thelathini, wakati mwingine zaidi, kwa wiki tatu hadi nne, kisha anaanza upya. Una majike wangapi kati ya hao 70 na ushee? Wakiliwa nusu bado utakuwa na wengi kuliko unavyoweza kuwalisha. Ndiyo maana nafurahi umeanza na uduvi kwanza ukawaacha wazaane. Mwenye uduvi kumi anayeleta samaki kumi, huyo hatapata kizazi cha pili.

Nyumba ya watoto ni ule mosi wako. Usiupunguze mwezi huu hata kama umechoka kuutazama. Rundika na vijiwe vidogo pembeni, nafasi kati yake ziwe nyembamba kuliko kichwa cha samaki.

Na weka akiba. Chukua uduvi kumi na tano, waliobeba mayai wakiwemo, watie kwenye chombo kingine chenye kipande cha mosi. Lolote likitokea, mbegu unayo.

#16 RasboraPilipili

Naongezea: kama mtu bado hajachagua samaki, aangalie rasbora wa pilipili (Boraras brigittae, hafiki hata sentimita mbili na nusu) au koridora wale vibete (jamii ya kambare wadogo). Na oto, ambaye anakula mwani, ndiye pekee ninayeweza kusema hana habari na watoto wa uduvi. Tetra, hata mdogo, ana habari nao.

#17 Kinda_wa_Maji

Mimi nina malaika wawili (wale samaki wa mapezi marefu) na uduvi 20, mbona sijawaona uduvi wiki mbili?

#18 MamaTangi

Mwanangu, hutawaona tena.

#19 Asidi_na_Besi

Turudi kwenye mfuko, maana naona kesho kutwa mleta uzi atakwenda kununua na kuna ushauri mmoja unaozunguka kila mahali: dondosha maji ya tangi kwenye mfuko kwa mrija, tone tone, saa mbili au tatu. Kwa uduvi wapya huo ni ushauri mzuri. Kwa samaki waliosafiri masaa mengi ndani ya mfuko, unaweza kuwaua.

Samaki kwenye mfuko uliofungwa anapumua, kabonidioksidi inajaa majini, pH inashuka. Wakati huohuo anatoa amonia. Kwenye pH ya chini amonia inakaa katika umbo la amoniamu, ambalo halina madhara makubwa. Ukifungua mfuko, kabonidioksidi inatoroka, pH inapanda, na ile amoniamu inageuka amonia kali samaki akiwa humohumo ndani. Kisha wewe umekaa na mrija wako saa tatu unamwonea huruma.

Safari ndefu: elea mfuko dakika 15 hadi 20 joto lisawazike, fungua, watoe kwa wavu, watie kitangini. Safari ya nusu saa: fanya taratibu ukipenda, hakuna amonia ya kutisha humo.

Maji ya mfuko yamwage chooni, hata tone lisiingie kwa uduvi. Wauzaji wengi huweka dawa kwenye maji yao ili samaki wafike sokoni wazima, na hujui ni dawa gani.

#20 KimbungaMaji

Hilo la pH sikulijua. Nakiri.

#21 FundiMrija

Tarehe iandikwe, Kimbunga amekiri.

Mleta uzi, ujanja wa mwisho kutoka kwangu. Kila unapobadilisha maji ya kitangi cha karantini, tumia maji unayochota tangi kubwa. Wiki ya nne samaki watakuwa wameshazoea madini, pH, kila kitu. Siku ya kuwahamisha hakuna mrija wala kusubiri. Na tangi kubwa lijazwe kidogo kidogo, kwa sababu uduvi wakibadilishiwa maji mengi kwa ghafla wanajivua gamba kabla ya wakati, na gamba lililovuliwa kwa haraka ndilo linalowakatikia katikati.

#22 MlinziWaUduvi: MREJESHO WA KWANZA

Nimenunua wanane. Kabla sijalipa nilisimama pale karibu nusu saa, muuzaji akaanza kuniangalia vibaya. Nilimwomba awalishe nione. Wanane walikimbilia chakula, wawili niliwakataa mapema maana matumbo yalikuwa yamebonyea. Hakukuwa na mzoga kwenye tangi lile.

Wako lita 25, sponji moja ya tangi kubwa, hita nyuzi 25. Uduvi wa akiba 15 wako kwenye chombo chao.

#23 MlinziWaUduvi: siku ya tano

Fundi, njoo. Madoa. Samaki wawili, chembe tatu tatu kwenye mapezi. Mwingine anajikuna kwenye bomba la hita.

#24 FundiMrija

Vuta pumzi. Hii ndiyo sababu wako humo.

Hakuna uduvi, hakuna konokono, huna mimea ya thamani. Dawa yoyote ya madoa meupe ruksa, fuata kipimo cha chupa; kwa tetra wadogo wengi huanza na nusu kipimo, wana ngozi nyepesi. Joto lipandishe taratibu, digrii moja kila baada ya masaa machache, hadi 28 au 29. Joto haliui ugonjwa peke yake hapo, linauharakisha: kimelea kinadondoka upesi, kinapasuka upesi, dawa inakikuta. Maji ya moto yanashika oksijeni kidogo, kwa hiyo ongeza mapovu ya hewa. Kama una mkaa kwenye chujio utoe, unanyonya dawa.

Madoa yakitoweka USIACHE. Kutoweka maana yake vimedondoka chini, viko kwenye vifuko. Endelea hadi muda wa chupa uishe. Kisha hesabu wiki nne upya.

#25 MlinziWaUduvi

Upya? Kuanzia sifuri?

#26 MamaTangi

Kuanzia sifuri, baba.

#27 MlinziWaUduvi: MREJESHO WA PILI

Madoa yaliisha siku ya nne ya dawa, nilimaliza siku kumi zote. Nimepoteza mmoja, yule aliyekuwa anajikuna. Saba wanakula mpaka matumbo yanakuwa duara. Leo ni siku ya 29 tangu dawa iishe. Nimebadilisha maji kwa maji ya tangi kubwa kama mlivyoniagiza, mara mbili kwa wiki.

Naomba mnipe utaratibu wa kesho. Nina wasiwasi kama wa bwana harusi.

#28 PeziRefu

Asubuhi hamisha mawe mawili matatu na gogo, hata kama ni kuligeuza tu. Yule mbabe ana mipaka yake ameshaichora. Ukivuruga ramani wote wanaanza upya, wenyeji kwa wageni.

Hamisha jioni, taa ikiwa imezimwa. Wageni walishe vizuri kabla, wenyeji pia. Samaki aliyeshiba haangalii uduvi, wa njaa anachungulia kila kinachotikisika. Walio saba watie wote pamoja. Nusu nusu ni kwa ajili ya kulinda chujio, na samaki saba wa sentimita mbili kwenye lita 60 iliyoiva hawalitikisi chujio. Ukiwatia watatu leo na wanne wiki ijayo, hao watatu watapigwa.

Kifuniko kifunge. Samaki wanaruka usiku wa kwanza.

#29 MamaTangi

Na usilishe kupita kiasi kwa furaha. Pima amonia na nitriti kila siku kwa wiki moja. Chochote juu ya sifuri, badilisha asilimia kumi hadi kumi na tano, kesho yake tena, si nusu tangi.

#30 MlinziWaUduvi: MREJESHO WA TATU

Nimewatia saa moja jioni. Nilikaa gizani na tochi ndogo kama mlinzi wa ghala.

Saba walishuka chini kwenye kona wakabanana, rangi imewapotea, karibu weupe. Wenyeji wanne walikuja kuwatazama. Mbabe alimfukuza mmoja, kisha wa pili, kisha akasimama katikati kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta.

Uduvi wote walipotea. Wote! Tangi zima sioni hata kipapasio. Ni kawaida?

#31 MamaTangi

Kawaida. Wamesikia kitu kipya kinatembea majini. Siku mbili tatu. Usiwatafute, usiinue mawe.

#32 MlinziWaUduvi: siku ya tatu

Wametoka. Kama 30 hivi, kwenye kipande cha boga. Nimeona magamba matupu manne chini, nikadhani ni maiti, nikakaribia nikaona yanapitisha mwanga. Mgeni mmoja alimdonoa uduvi mkubwa kwenye kipapasio. Uduvi akaruka kinyumenyume kama risasi, samaki akashtuka zaidi yake. Hajarudia. Amonia 0, nitriti 0.

Jike mmoja alikuwa amebeba mayai, leo hana, na wala haujatimia muda. Ameyaangusha?

#33 FundiMrija

Ndiyo, itakuwa mshtuko. Wakishtuka wakajivua gamba, mayai yanaondoka na gamba. Atabeba mengine. Hayo magamba manne usiyatoe, watayala wenyewe, yana chokaa.

#34 MlinziWaUduvi: wiki ya saba

Wadau, nimerudi. Samaki kumi na mmoja wote hai. Wanazurura tangi zima, hawabanani, isipokuwa nikipita ghafla mbele ya kioo. Jana taa ilipowaka nilijiinamia kwenye mosi nikaona vitoto vya uduvi, vidogo kama ncha ya sindano, nikahesabu 14 kabla macho hayajachoka. Na nilimwona tetra mmoja akimeza kimoja palepale, Mama alisema kweli. Wale 15 wa akiba bado nimewaacha kwenye chombo chao, wamekuwa 40.

#35 PeziRefu

Na yule mbabe?

#36 MlinziWaUduvi

Unajua nimekaa leo dakika ishirini kumtafuta. Wote wamefanana, wote wamekolea rangi. Kuna wawili wanaofukuzana kidogo wakati wa chakula. Simtambui tena.

#37 KimbungaMaji

Hongera mkuu. Nami nimenunua kitangi cha lita 20. Msinicheke.

#38 FundiMrija

Hatucheki. Mlinzi, ile sponji ya karantini umeifanyaje?

#39 MlinziWaUduvi

Nimeichemsha, nikaianika juani siku tatu. Wavu pia.

#40 FundiMrija

Basi sawa. Kimbunga, ukija kuiazima, uliza kwanza.